Matunzo ya Mtoto ni Deni, si Fadhila: Fundisho Kutoka Nachingwea na Ruangwa



Hivi karibuni nilikaa saa tatu kwenye benchi la mbao nje ya ofisi moja ya ustawi wa jamii huko kusini nilikozaliwa. Sitaitaja ofisi hiyo, kwa kuwa niliyoyaona pale hutokea katika ofisi nyingi, na afisa niliyemkuta ni mtu mwungwana aliyezidiwa na kazi. Nilikuwa nimemsindikiza binti wa jirani yetu, mama wa mtoto wa miaka minne. Mkononi alishika karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, imekunjwa mara nyingi hadi mikunjo imeanza kutoboka. Juu yake yaliandikwa makubaliano: baba wa mtoto atatoa shilingi 30,000 kila mwezi. Chini kulikuwa na sahihi, dole gumba na mhuri wa mtendaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Huyu bwana bado tu?"

"Bado, mzee. Alituma mara mbili, basi."

Afisa alitoa simu yake mwenyewe, akapiga kwa salio lake mwenyewe. Simu iliita, ikakatwa. Alipopiga tena haikupatikana. Akamtazama binti kwa huruma, akamwambia arudi baada ya wiki mbili, na kwamba wakati huo ajaribu kuwaona wazee wa upande wa pili, kwa sababu mambo ya familia huisha kwa mazungumzo. Hiyo ilikuwa safari yake ya tano, na kila safari ina nauli.

Baba wa mtoto huyo hajapotea. Kijijini kila mtu anajua alipo. Msimu wa ufuta uliopita alipeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, ukapimwa, akaandikwa kwenye daftari kwa jina lake kamili, na fedha zake zikaingia benki. Kabla hazijamfikia zilikatwa ushuru wa halmashauri, zikakatwa za ushirika, zikakatwa za ghala. Kila mwenye haki yake juu ya gunia lile aliipata. Aliyekosa ni mtoto peke yake.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Tatizo la matunzo ya watoto katika nchi yetu si ukosefu wa sheria, na kwa sehemu kubwa si ukosefu wa fedha. Tatizo ni kwamba taasisi zetu zinayashughulikia matunzo kama fadhila ya kuombwa kwa upole, ilhali sheria inayahesabu kuwa wajibu. Dola yetu ina ujuzi mkubwa wa kudai deni. Imeamua tu kwamba deni la mtoto si miongoni mwa madeni hayo.

Shilingi mia moja

Ni haki msomaji ajue nazungumza nikiwa nimesimama wapi. Mimi ni mtoto wa nje ya ndoa. Nilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mama yangu alikwenda mahakamani kunidai matunzo. Wakati huo madai ya watoto wa aina yangu yaliongozwa na sheria ya tangu ukoloni, Sura ya 278, ambayo iliweka ukomo wa kile ambacho baba angeweza kuamriwa kulipa: shilingi 100 kwa mwezi. Mama alishinda kesi. Baba alilipa miezi mitatu. Mama alirudi mahakamani mara kadhaa, akaambiwa amlete mdaiwa, kisha akachoka. Nilipomaliza darasa la saba, shilingi 100 hazikutosha kununua hata jozi ya kandambili, lakini ukomo ulibaki palepale. Haukufutwa na huruma ya mtu yeyote hadi Bunge lilipotunga Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009.

Sisemi haya kwa kumlipiza kisasi mzee ambaye nilikwishamsamehe. Nayasema kwa sababu watumishi wengi wa umma wanadhani mwaka 2009 ulimaliza habari. Sheria ilibadilika. Benchi halikubadilika. Binti niliyemsindikiza anaambiwa leo yale aliyoambiwa mama yangu: umlete mwenyewe.

Sheria inasemaje

Tuitendee haki sheria, maana ni nzuri kuliko tunavyoitumia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 129, inamwekea baba wajibu wa kutunza watoto wake, wawe wanaishi naye au wanaishi na mtu mwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipanua wajibu huo kwa wazazi wote, bila kujali kama walifunga ndoa. Iliweka Mahakama ya Watoto na kuipa mamlaka ya kusikiliza maombi ya matunzo. Katika kifungu cha 44 ilimwelekeza hakimu mambo ya kutazama: kipato na mali za wazazi wote wawili, upungufu wa uwezo wao wa kujipatia kipato, watoto wengine wanaowategemea, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Hakuna tena ukomo wa shilingi 100, wala hakuna kiwango cha kumkomoa mtu. Kuna mizani.

Zaidi ya hapo, sheria hiyo inamruhusu afisa ustawi wa jamii mwenyewe kupeleka maombi ya matunzo mahakamani kwa niaba ya mtoto. Naomba wanafunzi wangu wa sheria na ustawi wa jamii wasome sentensi hiyo mara mbili. Afisa si msuluhishi tu anayepiga simu na kusubiri. Amepewa ufunguo wa mlango wa mahakama.

Nchi yetu pia imefunga ahadi nje ya mipaka yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, tulioridhia mwaka 1991, unazitaka nchi wanachama kuchukua hatua zote zinazofaa ili matunzo yapatikane kutoka kwa wazazi. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, tulioridhia mwaka 2003, unakataza mtoto kunyimwa matunzo kwa sababu ya hali ya ndoa ya wazazi wake. Na Katiba yetu, Ibara ya 107A, inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi na zisifungwe na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki.

Basi haki inakwama wapi? Inakwama kwenye njia kati ya karatasi na fedha. Mama huanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaelekezwa kwa mtendaji wa kata, akaelekezwa ustawi wa jamii, pengine dawati la jinsia na watoto la polisi, kisha akarudishwa kwa wazee. Kila kituo kinasuluhisha, hakuna kinachoamuru. Akifika mahakamani na akapata amri, anagundua kwamba amri hiyo haitembei yenyewe. Ni yeye anayepaswa kurudi kuomba ikazwe, kueleza mdaiwa ana mali gani, na mara nyingi kuhangaika ili hati ya wito imfikie. Katika utaratibu wa kawaida wa madai, anayetaka mdaiwa wake apelekwe gereza la madai hutakiwa kwanza kuweka mahakamani fedha za kumlisha mdaiwa huyo akiwa ndani. Utaratibu huo ulibuniwa kwa ajili ya mfanyabiashara anayemdai mfanyabiashara mwenzake. Ukiuhamishia kwa mama aliyeshindwa kumlisha mtoto, unamwambia amlishe na baba.

Dola inayojua kukata

Sasa tuitazame dola hiyohiyo inapodai kilicho chake.

Wanafunzi wangu wanaijua Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi, kutoka asilimia 8 ya awali. Haulizwi kama ana hali nzuri. Haendewi na wazee. Mwajiri asiyewasilisha makato hayo huadhibiwa. Chama cha wafanyakazi nacho hukata ada yake, na benki hukata rejesho la mkopo wa gari na wa nyumba, hadi mtumishi anabaki na theluthi moja ya mshahara ambayo haipaswi kuguswa. Mtoto akifika na amri ya mahakama, anaambiwa mshahara umekwisha. Benki iliwahi foleni.

Mtanijibu kwamba baba wa Nachingwea na Ruangwa si mtumishi wa umma, ni mkulima, na mkulima hana mshahara wa kukatwa. Jibu hilo lingekuwa na uzito katika wilaya nyingine, lakini si katika hizi mbili. Ruangwa ilimegwa kutoka Nachingwea, na hadi leo wakulima wa wilaya hizo, pamoja na wenzao wa Liwale, wako chini ya chama kikuu kimoja cha ushirika, RUNALI. Korosho na ufuta wao hupita kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani: chama cha msingi, mizani, ghala kuu, mnada, benki. Ni wakulima wachache nchini ambao kipato chao kinajulikana kwa kilo na kwa shilingi kama hawa. Katika mfumo huo makato hutangulia, mkulima hufuata.

Na tusisahau msimu wa 2018/2019. Novemba 2018, bei ya mnada ilipogomewa na wakulima, Serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulipeleka jeshi kusomba mzigo. Kabla ya kulipa, iliunda timu za uhakiki zilizokwenda vijijini kulinganisha kilo za mkulima na ukubwa wa shamba lake, ili kuwabaini walanguzi wa kangomba. Wakulima wetu wanakumbuka maswali waliyoulizwa: mikorosho mingapi, ya nani, ulipalilia lini. Dola iliyoweza kuhesabu mikorosho ya mtu mmoja mmoja katika vijiji vya Lindi na Mtwara haiwezi kutuambia leo kwamba haijui baba fulani anacho nini.

Wala maeneo haya si pembe iliyosahaulika. Ruangwa ilikuwa jimbo la Waziri Mkuu kwa miaka kumi. Dola ilifika. Wazee wetu nao watakwambia kwamba hata kabla ya barabara nzuri ilifika: kodi ya kichwa na, baadaye, kodi ya maendeleo, ambayo ilifutwa mwaka 2003, zilimfuata mwanamume hadi msituni. Uwezo wa kumpata mwanamume haujawahi kuwa tatizo. Swali ni anatafutwa kwa ajili ya nani.

Foleni ya mwaka 2018

Kuna waliosema dawa ni kiongozi mkali. Aprili 2018, Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwaita wanawake waliotelekezewa watoto wafike ofisini kwake. Walifika kwa wingi uliowashangaza hata waliowaita, wakiwa na watoto mgongoni, na wengine walitaja majina ya watu wakubwa. Magazeti yalijaa picha, na mitandaoni watu walicheka.

Mimi sikucheka. Foleni ile ilikuwa ripoti ya ukaguzi wa taasisi zetu, iliyoandikwa na watu waliokwisha kuzipitia au waliokwisha kukata tamaa nazo. Lakini haki inayotegemea ukali wa mtu mmoja huondoka siku mtu huyo anapohamishwa. Kilichohitajika baada ya foleni ile ni utaratibu ambao ungemfanya mama wa Ruangwa asihitaji kumjua mkuu wa mkoa.

Visingizio vitatu

Cha kwanza ni mila. Nimewasikia watumishi, baadhi yao wageni katika mkoa wetu, wakisema kwamba watu wa kusini ndoa zao nyepesi na kwamba kwao mtoto ni wa mjomba. Ni kweli kwamba Wamwera, kama Wamakonde na Wayao, kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa. Lakini waulizeni wazee habari nzima. Mwanamume aliyeoa alihamia kwa wakwe na kuwalimia. Jasho lake ndilo lililokuwa matunzo, na lilitolewa mbele ya macho ya ukoo mzima. Baba wa leo amechukua ule msamaha wa ukoo na kuliacha jembe. Hiyo si mila. Ni kuchagua kipande cha mila kinachomfaa.

Cha pili ni umaskini. Wapo akina baba ambao kweli hawana, na kifungu cha 44 kimewafikiria. Lakini hoja ya umaskini imechanganywa na hoja ya msimu. Mkulima wa korosho hana shilingi 30,000 mwezi Machi, na kumwandikia deni la kila mwezi ni kumtengenezea ahadi ambayo hata mwadilifu ataivunja. Fedha yake huja na mnada. Kwa nini basi makubaliano yetu yaandikwe kana kwamba kila baba analipwa tarehe 25? Amri ifuate msimu: sehemu ya mauzo ya ufuta, sehemu ya mauzo ya korosho, hadi mwaka utimie.

Cha tatu ni kwamba wanawake watatumia matunzo kulipiza kisasi. Wapo watakaofanya hivyo, kama wapo akina baba wanaonyimwa kuwaona watoto wao huku wakilipa, na malalamiko yao ni ya haki. Lakini angalieni utaratibu wa sasa unavyomtendea baba mwadilifu. Anatuma fedha kwa simu, hana stakabadhi rasmi, na siku ya ugomvi anashindwa kuthibitisha alicholipa. Daftari linalomdhibiti mkwepaji ndilo linalomlinda mlipaji.

Na anayesema elimu siku hizi haina ada, kwa hiyo mtoto hana gharama, aende shule yoyote ya msingi mwezi Januari. Ada imefutwa, na ni jambo jema. Sare, viatu, madaftari na uji havikufutwa.

Tufanye nini

Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji kujenga jengo jipya.

Kwanza, makubaliano yoyote yanayofikiwa mbele ya mtendaji au ustawi wa jamii yawasilishwe Mahakama ya Watoto ndani ya muda uliopangwa, yakaguliwe na hakimu na yawe amri. Usuluhishi ni jambo jema, lakini usuluhishi usio na mahakama nyuma yake ni ombi. Karatasi ya daftari isiwe mwisho wa safari ya mama yeyote.

Pili, malipo ya matunzo yapite kwenye namba ya malipo ya Serikali, kama tunavyolipia leseni na faini. Mwezi au msimu ukipita bila malipo, mfumo uonyeshe wenyewe. Mama asilazimike kupanda gari kwenda kuthibitisha kwamba hajalipwa.

Tatu, amri ya matunzo ipelekwe moja kwa moja kwa mwajiri au, kwa mkulima, kwa chama cha msingi na benki anakolipwa, na iwe mbele ya deni la benki. Palipo na pengo la kisheria, Bunge lirekebishe, kama lilivyorekebisha mwaka 2016 kwa ajili ya mikopo ya elimu ya juu. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya matunzo ya mwaka 1998, huruhusu mshahara kukatwa kwa amri ya mahakama na huhesabu kukaidi amri kuwa kosa la jinai. Kenya iliandika katika Katiba yake ya mwaka 2010 kwamba wajibu wa malezi ni wa mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Hatubuni jambo geni.

Nne, mdaiwa akikaidi, mahakama yenyewe imwite, bila kusubiri mama afungue maombi mapya. Mzigo wa kuikaza amri uwe wa aliyeitoa. Na maafisa ustawi wa jamii waongezwe, wapewe usafiri na salio la simu, ili mtumishi asilazimike kutafuta haki ya mtoto kwa fedha ya mfukoni mwake.

Mwisho

Kwenu wanafunzi wa sheria mnaokwenda mafunzo kwa vitendo: ombeni kukaa siku moja kwenye benchi hilo kabla ya kukaa mahakamani. Kwenu wanaharakati: kampeni za msaada wa kisheria zimefika hadi vijijini na zimefungua masikio mengi, lakini mama aliyeelimishwa haki yake na kurudishwa kwenye mlango uleule huumia mara mbili. Dai utaratibu, si semina tu. Nanyi watumishi wa umma, ambao baadhi yenu ni wadaiwa katika habari hii: hati yenu ya mshahara inaonyesha kila mnayemtambua kuwa anawadai. Itazameni tena mwezi huu, muone nani hayumo.

Binti niliyemsindikiza alikunja karatasi yake, akaiweka kwenye kona ya khanga, akafunga fundo. Aliniuliza, kwa kuwa mimi ni msomi, kama karatasi ile ina nguvu yoyote. Nimefundisha chuo kikuu miaka mingi, na swali la mwanafunzi halijawahi kuninyamazisha namna ile. Nikamwambia ukweli: kwa sasa ina nguvu ya huruma ya atakayeisoma. Tukashuka ngazi. Barabarani lilipita lori la magunia kuelekea ghalani, na kila gunia lilikuwa limeandikwa jina la chama lilikotoka.